Gari Lako Limekubali, Kaka

Tabata, Dar es Salaam

Kaka Deo,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo Rulenge, kuanzia mama mpaka kuku wake. Mkono wa kulia unaendeleaje? Nasikia vidole vimeanza kushika kikombe, mradi kisiwe na chai ndani. Hayo ni maendeleo, usibishe. Na ile fimbo uliyochongewa, bado imesimama nyuma ya mlango? Nimeambiwa umeikataa eti ni ya wazee. Kaka, na wewe! Mvi zilizokujaa kichwani ni za kijana gani?

Shemeji Adelina, najua anayesoma ni wewe. Pole na kazi zote. Soma taratibu na usiruke hata mstari mmoja. Akikunja uso, endelea. Akigeukia ukutani, ongeza sauti.

Mimi ni mzima. Joto la huku halijaniua, ingawa linajaribu kila mchana. Mvua ikinyesha, njia ya gereji inageuka bwawa na tunafanya kazi tumesimama juu ya matairi. Maharage ya huku wanayatia nazi, nayala kwa kuwa sina mama hapa. Chumba ni kilekile, mwenzangu ni yuleyule Hamisi wa gereji, na anakupa pole sana.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga unampa shemeji. Nikimwomba akuwekee sikioni nasikia pumzi zako tu, halafu inakatika. Naelewa. Maneno hayatoki kama ulivyozoea, na hutaki mdogo wako akusikie ukihangaika nayo. Sikulaumu hata kidogo. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina la Redio, unajua siwezi kukaa na maneno tumboni. Na barua, mzee wangu, haina kitufe cha kukatia.

Ujumbe wako nimeupata. Shemeji aliniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi: "Kaka yako anasema, gari uliuze." Tangu uugue ni ujumbe mmoja tu umenitumia, na ndio huo. Niliuma meno, nikasema sawa, nikaenda kukaa nyuma ya gereji peke yangu.

Sasa nisikilize kabla hujaurudia. Gari lako limekubali.

Sisemi limewaka. Kuwaka lilishawaka zamani, ulilisikia. Nasema limekubali.

Siku ulipolileta hapa likivutwa kwa kamba, injini imekufa na viti vimeliwa na panya, nilikuuliza dereva wa semitrela unatafuta nini kwenye kigari cha turbo. Mafundi wote walikuwa wanakutazama. Ukasema, "Nimepanda milima ya kwetu maisha yangu yote kwa gia ya kwanza, nimebeba mizigo ya watu. Pale mlima wa Rusumo vigari vinanipita, na wenye navyo wananipungia mkono. Mara moja tu, na mimi nataka niupande ule mlima nikicheka." Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa utingo wako na nilikuona ukipungiwa ile mikono.

Injini tuliifufua, hilo unalijua. Shida ikabaki kwenye mafuta. Nilikueleza mara nyingi, ila acha nimweleze na shemeji ajue tulichokuwa tunagombania. Turbo inashindilia hewa ndani ya injini, na hewa hiyo inataka petroli ya kutosha kwenda nayo. Petroli ikipungua, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi na injini inajiunguza yenyewe. Pampu iliyokuja na gari ilitosha likitembea kistaarabu. Ukikanyaga, presha ya mafuta inaporomoka wakati ambao injini ina njaa kuliko wakati wowote.

Halafu zikaja zile nozeli za mtumba, kubwa kuliko za mwanzo, nilizozinunua kwa pupa. Zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zinanyunyiza petroli vizuri, ya nne ilikuwa inatema mate tu. Sikuzipima. Tulipolikanyaga, pistoni ya nne ikatoboka. Nilikupigia nikisubiri matusi. Wewe ukaangua kicheko: "Hiyo pistoni ni mimi. Kazi nyingi, chakula kidogo. Fungua, weka nyingine."

Ulinisamehe papo hapo. Mimi ndiye nikaingiwa na woga. Kuanzia hapo kila kitu nikawa nakifanya mara mbili. Nikaweka pampu mpya, nikaona haitoshi, nikaitoa. Nikabadilisha paipu kutoka kwenye tenki, nikaweka nene zaidi, nikaibadilisha tena kwa ajili ya kiungo kimoja nilichokitilia shaka. Nozeli mpya nilizipeleka kupimwa kwenye vile vioo vyembamba, petroli ikapanda sawasawa kwenye vyote vinne, na bado nikazirudisha zikapimwe upya. Hamisi akawa ananiuliza kama nalijenga gari au naliombea.

Halafu ikaja ile Pasaka, ukapita hapa na tela tupu. Ulizunguka gari, ukafungua mlango, ukakaa kwenye usukani. Ukasema, "Nipe hivihivi, Silivesta. Nitaliendesha polepole." Nikajibu, "Bado, kaka. Ngoja likae sawa kwanza." Ukanitazama. "Polepole ndiyo kazi yangu, nani ananishinda kwenda polepole?" Ukafunga mlango taratibu, ukaenda zako.

Ningekupa! Mungu wangu, ningekupa ule ufunguo siku ile, na nguvu zake pungufu, na sauti yake ya kukohoa. Ungeupanda ule mlima hata kwa nusu ya mwendo. Ungecheka. Sasa mimi ninalo gari lililokamilika na wewe umelala. Nikikumbuka ulivyofunga ule mlango natamani kujichapa.

Na ugonjwa nao haukuwa na adabu. Ukukute kwenye foleni ya malori pale mpakani Rusumo, chini ya mlima wenyewe, madereva wenzako wakushushe kwenye kabini kwa mikono. Nilipofika hospitali ulikuwa umegeuza uso ukutani ili nisiuone mdomo ulivyopinda. Nilikaa kando ya kitanda, mimi Redio. Nilikuambia hilo moja tu, kwamba gari linaendelea vizuri. Njiani kurudi Dar nililia basi lilipopita Nyakahura, abiria wa jirani akanipa chungwa.

Basi, Jumapili iliyopita tulilitoa asubuhi barabara ikiwa nyeupe bila magari, tukaelekea Bagamoyo. Hamisi alishika usukani, mimi nikakaa kiti cha kushoto na laptop mapajani na hedifoni masikioni. Tumefunga kidude kidogo kwenye ubavu wa injini, kinaleta sauti ya ndani. Moto ukianza kwenda vibaya injini inagonga, tiki, tiki, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Dereva hawezi kuisikia, upepo na silensa vinaifunika. Anayesikia ni wa kushoto, naye akiinua mkono dereva anaachia.

Nikamwambia Hamisi akanyage. Akakanyaga nusu, nikasikiliza. Kimya. Nikaongeza petroli kidogo kwenye laptop, nikapunguza pengine. Akakanyaga tena, nikasikia kijiko, nikainua mkono, akaachia. Nikarekebisha. Tukaenda hivyo, mbele na nyuma, mpaka nikamwambia, sasa maliza yote. Kaka, lilitusukuma migongo kwenye viti! Presha ya mafuta haikutikisika. Masikioni hakuna kijiko, hakuna kitu, ni muungurumo mmoja tu umenyooka kama uzi. Hamisi akapiga ukelele, "Limekubali!" Nami nikavua hedifoni nikalia kama mtoto. Alidhani ni furaha. Akanipigapiga bega akisema hongera fundi, hongera. Nilikuwa nautazama usukani na mikono iliyoushika si yako.

Mnunuzi yupo. Ni kijana mmoja mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alilizunguka, akauliza kama tunaweza kufanya silensa ipige kelele zaidi. Nilitaka nimtoe na spana. Hamisi akanivuta pembeni, akaniambia, "Mwenyewe kasema uza. Wewe unalilia nini?" Kweli, mwenyewe umesema. Kwa hiyo sikumfukuza. Nimemwambia asubiri, kuna kazi haijaisha.

Wala sikumdanganya. Hii ndiyo sehemu ninayotaka shemeji aisome mara mbili.

Ndani ya laptop kuna jedwali, vyumba vingi vidogo, na kila chumba kinaiambia injini iweke petroli kiasi gani kwa hali fulani. Vyumba vya tambarare nimevijaza nikiwa barabarani, nimevisikia kwa masikio yangu. Vya mlimani nimevijaza kwa kukisia. Huku ni usawa wa bahari, hewa nzito. Kwetu juu hewa ni nyepesi, turbo inabidi ijikaze kuitafuta. Na petroli tunayonunua kwetu kwenye chupa za maji kando ya barabara si hii ya huku, injini inagonga nayo mapema. Hamisi anasema niache hivyo, kijana yule hatatoka Dar na gari lile hata siku moja. Ni kweli. Lakini mimi sikulitengeneza gari kwa ajili ya barabara ya Bagamoyo. Wewe ulinitajia mlima, ukanitajia kwa jina.

Kwa hiyo nakuja nalo. Nitakwenda polepole mpaka Nyakanazi, nitapumzika kwa baba mkwe wako Biharamulo, shemeji amtaarifu asishtuke, halafu nitakuja kukuchukua Rulenge. Nitalinywesha petroli ya chupa, hiyohiyo ya kwetu. Tutashuka mpaka Rusumo, tutageuza pale malori yanapopanga foleni, kisha tutapanda.

Najua unachowaza. Ulitaka usukani. Mguu wa kulia hauwezi kukanyaga, na mkono wa kulia hauwezi kuuzungusha. Sina namna ya kukurudishia usukani, kaka. Hata ningeuza vifaa vyangu vyote nisingeweza, na sitakudanganya kwamba kiti cha kushoto ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Nimechelewa, na hilo nitakaa nalo.

Lakini kazi hii ni ya watu wawili na nimekosa mmoja. Hamisi hawezi kuja. Na hata angekuja, hana masikio yako. Unakumbuka tulivyokuwa tunapanda na shehena, mimi napiga soga, ghafla unainua mkono wa kushoto bila kunitazama? "Zima redio. Sikia." Mimi sisikii kitu. Wewe umeshasikia beringi ya gurudumu la nyuma kabisa inalia, tunasimama, tunakuta kweli ni ya moto. Hukunifundisha ufundi kwa maneno, ulinifundisha kwa ule mkono. Na ule mkono ni mzima, kaka. Ugonjwa umeuacha.

Kazi ya kushoto haihitaji mguu. Wala haihitaji kusema. Utavaa hedifoni, mimi nitakanyaga. Ukisikia kijiko kwenye kikombe, inua mkono, nitaachia, nitarekebisha, tutarudi chini tuanze upya. Tutafanya hivyo mpaka mlima wote uishe bila wewe kuinua mkono. Hapo ndipo gari litakuwa limekwisha. Baada ya hapo ukisema tena niliuze, nitaliuza siku hiyohiyo kwa yule mwenye miwani, na silensa yake ya kelele, wala sitakuuliza mara ya pili.

Ila ukikataa kuja, nalo haliuzwi, kwa sababu siuzi kazi ambayo haijaisha. Litakaa uani kwa mama, kuku watagie ndani. Chagua.

Nisalimie mama, mwambie namletea kile kitambaa alichokitaka, na aache kuwaambia majirani kwamba natengeneza ndege. Msalimie katekista, jirani yetu, namshukuru kwa kuja kukunyoosha miguu kila jioni. Madereva wenzako waliokushusha kwenye kabini siku ile, wakipita kukuona, wape mikono kwa niaba yangu. Na mama muuza urwagwa, pombe yetu ya ndizi, pale njia panda, mwambie sijasahau kibuyu chake, kipo.

Shemeji, nawe uishi. Umebeba mengi na hujalalamika hata mara moja kwenye simu. Siku hiyo ya mlima utakaa kiti cha nyuma, na ukifunga macho sitakucheka.

Kaka, miaka yote ile ulinipandisha ule mlima mimi nimelala kwenye kiti cha kushoto, mdomo wazi, na wewe uko macho. Hukuwahi kuniamsha. Sasa ni zamu yako ya kukaa kushoto. Ukitaka kulala, lala, nitakufikisha juu. Ila nakuomba usilale. Bila masikio yako sitajua kama gari limekubali kweli.

Wako, Redio,

Silivesta