Utosi Uliofunikwa

Port Victoria
9 Machi 2025

Mwanangu Rachael,

Pokea salamu za nyumbani. Goti langu limepoa, shinikizo la damu limetulia, na mbuzi wa marehemu baba yako wamezaa. Wewe je? Kile kikohozi kiliisha?

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu sauti ya simu yangu husikika mpaka jikoni kwa baba yako mdogo Absalom, na habari hii inamhusu.

Unakumbuka kwamba tulipomzika baba yako mwezi wa Novemba nilinyolewa, kama desturi inavyomtaka mjane. Nywele zimerudi pembeni na kisogoni. Utosini hazijarudi. Sehemu hiyo ina ukubwa wa kisahani cha chai. Ngozi yake ni laini, inang'aa, na haina vile vitundu ninavyoviona kwingine nikitumia vioo viwili. Nilifundisha biolojia mpaka nikastaafu. Najua kueleza ninachokiona, lakini maana yake siijui.

Absalom anasema anaijua. Kwa maoni yake marehemu kaka yake hajaridhika, kwa kuwa nilirudi mapema mno kwenye kikundi cha akina mama. Mkewe hanipi tena mjukuu wao nimpakate. Wameamua kwamba mwezi wa Agosti ninyolewe mara ya pili, kisha mganga mmoja anipake dawa ya mizizi ambayo, nasikia, huchubua ngozi ili nywele zipate njia. Sijakubali wala sijakataa. Naomba hoja, si huruma.

Mama yako


Kisumu
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nimefurahi kwamba goti limepoa. Kikohozi kiliisha, kilichobaki ni uchovu wa mahakama, na huo nimeuzoea.

Hoja yangu ya kwanza ni hii: usimruhusu mtu yeyote apake chochote kichwani mwako. Nimezungumza na Mariamu Saleh, daktari wa ngozi mwenye kliniki hapa mjini, bila kutaja jina lako. Alinikumbusha kwamba mgonjwa hapimwi kwa barua, na kwamba nywele hupotea kwa sababu nyingi: upungufu wa madini ya chuma, hitilafu ya tezi ya shingoni, mapunye, mshtuko wa msiba, misuko inayovuta. Nyingi kati ya hizo hurekebishika. Lakini nilipofika kwenye ngozi inayong'aa, isiyo na vitundu, aliweka kalamu chini.

Anahofia kovu. Upo ugonjwa unaoanzia utosini na kupanuka polepole kama duara, ukiua vinyweleo na kuacha kovu mahali pake. Penye kovu nywele haziwezi kuota, hata mtu anyolewe mara ngapi. Kinyweleo ambacho hakijafa kinaweza kuokolewa, na kila mwezi unaopita unapunguza idadi ya vinyweleo vilivyo hai. Agosti ni mbali, Mama.

Anataka kujua kama utosi ulikuwa ukikuwasha au kukuuma kabla ya kunyolewa, na kama yupo mwanamke mwingine katika ukoo wetu mwenye hali hii. Swali la pili sikuweza kulijibu. Nyanya sikumbuki hata rangi ya nywele zake.

Binti yako,
Rachael


Port Victoria
2 Aprili 2025

Mwanangu Rachael,

Sisi ni wazima, na mvua imeanza. Punguza hizo kesi kabla uchovu haujawa ugonjwa.

Umeuliza kama wakili. Nitajibu kama mwalimu. Ndiyo, utosi uliwasha. Ulinichoma kama pilipili kila niliposuka, nami nikadhani ni ukali wa mkono wa msusi. Hayo yalianza baba yako akiwa mzima, anakula ugali wake na kulalamikia chumvi. Nilisuka ili kufunika, kisha nikafunga kitambaa ili kuufunika msuko. Kwa hiyo wembe wa msiba haukuleta upara. Uliondoa kifuniko tu.

Kuhusu mama yangu, hata mimi sikuwahi kukiona kichwa chake. Alilala na kitambaa. Nikaenda kwa dada yangu Lornah, maana yeye ndiye aliyemwosha mama alipofariki. Alikuwa akipaa samaki magamba, na hakuinua macho.

"Alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Utosi mtupu kama sahani."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nimwambie nani? Nilimfunga kitambaa kipya, nikanawa mikono. Ya maiti hubaki kwa aliyemwosha."

Nikamwomba avue kitambaa chake mwenyewe nimtazame. Akacheka, akasema nimekuwa mkaguzi wa shule uzeeni. Hakuvua.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani niliwaza jambo moja. Mama alimtangulia baba. Hakuwahi kuwa mjane, wala hakunyolewa kwa ajili ya mume yeyote. Basi ni marehemu gani aliyemkasirikia? Hoja hiyo imenitosha. Nakuja Kisumu Pasaka ikipita. Mwambie daktari wako anitengee nafasi.

Mama yako


Kisumu
19 Mei 2025

Mama mpendwa,

Natumaini kidonda cha pale daktari alipokukata kipande cha ngozi kimekauka na kwamba hukukaa juani kama ulivyoonywa. Mimi sijambo.

Majibu ya maabara yametoka, na Daktari Mariamu amenisomea kama ulivyomruhusu. Ni ule ugonjwa aliouhofia. Kile kipande cha ngozi kimeonyesha kovu, na kandokando yake uvimbe ambao bado unaendelea na kazi yake. Damu yako haina kasoro: madini ya chuma yanatosha, tezi ni nzima.

Sitakupamba kwa maneno. Katikati hapatarudi. Matibabu ni ya kuzuia duara lisipanuke: losheni ya kupaka ukingoni, vidonge vya miezi kadhaa ambavyo hutavimeza ukiwa na njaa, na sindano za ukingoni kila baada ya wiki sita. Msuko wa kuvuta, dawa ya kulainisha nywele na kukausha kwa moto vimekwisha. Anasema kuwashwa kukikoma, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba ugonjwa unarudi nyuma. Usipime kwa nywele kwa sasa.

Absalom akikuuliza, mwambie ana haki ya kuhuzunika. Kichwa si chake.

Binti yako,
Rachael


Port Victoria
24 Agosti 2025

Mwanangu Rachael,

Salamu kutoka kwa mwanamke ambaye utosi haumwashi tena. Ulianza kutulia mwezi wa Julai, na sasa nasahau kwamba uliwahi kuwasha. Afya yako nitaiulizia chini, kwa urefu.

Jana Absalom aliwaita watu kama alivyoahidi. Wembe ulikuwa mezani, na mganga alikuja na chupa yake. Kabla mtu hajaniomba, nilivua kitambaa mbele ya wote. Niliwaeleza nina nini, kilianza lini, kinatibiwa vipi, na kwamba mama yangu alikuwa nacho akafa mumewe akiwa hai. Absalom alimgeukia Lornah kana kwamba mimi sipo.

"Mama, hayo uliyaona wewe mwenyewe?"

"Niliyaona nikimwosha, Bwana Absalom."

"Na kwa nini tunayasikia leo?"

Lornah alifungua fundo la kitambaa chake taratibu, akakiweka magotini. Upara wake ni mpana kuliko wangu, na mumewe alikuwa ameketi pale pale mlangoni, mzima, anakunywa chai yetu.

"Huyu naye amekasirika?" aliuliza.

Mzee wa watu alipaliwa na chai mpaka akapigwa mgongo. Absalom alisema atafikiri. Kwa mtu kama yeye hayo ni mengi. Wembe uliondolewa, mganga akasindikizwa kwa heshima. Jioni mkewe Absalom aliniletea mtoto, akanipa nimpakate, akaenda kuchota maji. Lornah nitamleta Kisumu. Anasema amechelewa, nimemjibu kwamba hilo ataliamua daktari.

Sasa nageukia kwako. Siku zote nilizokaa kwako mtaani Milimani, Aprili na tena Julai, hukuvua wigi. Ulikaanga mbuta ukiwa umelivaa, mafuta yakirukaruka, jasho likikutiririka, na dirisha la jikoni ulilifunga jirani asichungulie. Mtu hakaangi samaki na wigi nyumbani kwake mwenyewe bila sababu. Na Daktari Mariamu alipokuuliza, "Na wewe, wakili?", ulijibu kwamba una kesi saa nane. Hilo halikuwa jibu.

Uliniandikia kwamba kila mwezi unaopita unapunguza idadi ya vinyweleo vilivyo hai. Nakuandikia sentensi hiyo hiyo.

Mama yako


Port Victoria
28 Septemba 2025

Rachael,

Hatujambo. Umenipigia simu mara nyingi, ukauliza habari za mvua, za mbuzi, na bei ya dagaa wetu wa omena ambayo hujawahi kuijali maishani. Barua yangu hukuitaja.

Mwanafunzi akiruka swali, nilimrudishia karatasi. Nakurudishia yako. Miadi yangu na Lornah ni tarehe tisa Oktoba, saa tatu asubuhi. Nimemwomba karani wa kliniki aongeze jina la tatu. Utakuja, au kiti kitabaki kitupu na mimi nitakitazama.

Mama yako


Kisumu
6 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Natumaini wewe na Mama Lornah ni wazima, na kwamba barua hii itawafikia kabla hamjaanza safari. Mimi niko vizuri kuliko nilivyokuwa jana.

Sikungoja tarehe tisa. Nilikwenda leo, peke yangu, kwa sababu sikutaka uone jinsi ninavyoogopa. Daktari Mariamu alifunga mlango, akasubiri. Ilinichukua muda kulitoa wigi. Alinitazama utosi kwa kioo chake, hakuguna wala hakunipa pole. Alisema duara ni dogo kama sarafu, vinyweleo vingi bado viko hai, na kama ningekuja mwaka juzi utosi ulipoanza kuwasha, asingekuwa na duara la kutazama. Kesho anachukua kipande cha ngozi, maana hataki kubahatisha hata kama anajua ukoo wangu. Dawa ameniandikia.

Mwezi wa Machi nilikuandikia kwamba swali la pili sikuweza kulijibu. Jibu lilikuwa chini ya wigi, nami nililitafuta kwako ili nisilitafute kwangu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya hakimu kudai watu waseme ukweli, huku nikihofia upepo.

Karani alitaka kulifuta jina langu tarehe tisa kwa kuwa nimeshaonwa. Nimemkataza. Nitakaa na nyinyi kwenye benchi, sote watatu, bila vitambaa, na anayetaka kutazama atazame.

Kituoni msichukue bodaboda; nitawapokea. Mbuta nimeshanunua. Ninaandika barua hii nikiwa jikoni, kichwa wazi, na dirisha nimelifungua.

Binti yako,
Rachael