Jicho la Kushoto la Dorice

Mamba, 2 Aprili 2024

Kaka Venant, shikamoo. Sisi wazima, mpunga umesimama vizuri. Sijui nyie huko Kawajense, Mpanda. Pasaka tulikula kwa mama, umekosekana wewe tu. Nakutumia picha ya Dorice na gauni lake jipya, tuliipiga jioni. Miaka miwili tu, lakini akishika simu anakuita "Jomba" hata kama hujapiga.

Mdogo wako,
Agatha

Mpanda, 3 Aprili

Agatha mdogo wangu, marahaba. Gauni limempendeza mpwa wangu. Ila picha hii nimeiangalia tangu asubuhi, na sasa nakuandikia kama mtu wa kliniki ya macho. Mwanga wa kamera ukiingia kwenye mboni hugonga nyuma ya jicho na kurudi mwekundu. Jicho lake la kulia limerudisha wekundu. La kushoto limerudisha weupe. Huenda ni namna picha ilivyopigwa. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda pia ni uvimbe, na huo hausubiri. Mlete wiki hii nimmulike mwenyewe. Hataumia.

Kaka yako

Mpanda, 29 Aprili

Agatha, hamjambo? Napiga simu haipokelewi. Mama anasema shemeji Krispini amekasirika, eti namtabiria mwanae upofu, na safari isubiri mavuno. Mwambie hasira zake nitazibeba zote, hata asiponisemesha tena. Nampenda huyo mtoto. Njooni.

Kaka yako

Mwanza, 20 Mei

Kaka, shikamoo. Siku ile Krispini alipokubali tuje Mpanda, ukammulika kwenye chumba cha giza na papo hapo ukaandika rufaa ya Mwanza, nilijua. Madaktari wa huku wamethibitisha: ni saratani, iko jicho la kushoto peke yake, na inabidi jicho litolewe. Jana Krispini alikataa kusaini. Leo amemuuliza daktari, "Mkilitoa, ataishi?" Daktari akasema uvimbe unaonekana haujatoka nje ya jicho, kwa hiyo ana matumaini makubwa. Krispini akasema, "Basi litoeni," akasaini, akatoka nje kulia. Kesho Dorice anaingia chumba cha upasuaji. Tuombee.

Mdogo wako

Mamba, 17 Novemba

Kaka Venant, shikamoo. Shemeji yako anakusalimu, ameniagiza mwenyewe niandike hivyo. Tumerudi juzi kutoka Mwanza, tulikompeleka Dorice kupimwa tena. Saratani haijaonekana popote, na jicho la kulia ni zima, ila tutaendelea kupimwa. La bandia amelizoea, anawaringia wenzake.

Mwanzo alikuwa anajigonga milangoni, upande wa kushoto. Nilimwonea huruma, nikawa nambeba kila mahali mpaka akakataa. Siku hizi Krispini akienda naye kanisani hutembea kushoto kwake. Wakigeuza kurudi, anazunguka anakaa kushoto tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mimi nimejifanya sioni.

Mdogo wako,
Agatha