Nguo za Baridi za Shomari

Jumatatu, 5 Januari

Tumekwangua mabwawa manne ya chumvi. Buti la kulia limetoboka, maji ya chumvi yanaingia kwenye kidonda cha kisigino. Nimefunga mfuko wa nailoni juu ya soksi, nikaendelea.

Jioni karatasi ya wakala wa ajira za nje imefika. Tumepita wawili tu: mimi na Shomari, nyapara wetu. Tunaondoka Ijumaa ya tarehe 23. Poland, kukata matawi ya miti ya matofaa. Kazi ya nje, na huko sasa ni theluji. Inaanza kesho yake baada ya kufika. Begi moja kila mtu, kilo ishirini. Nguo ziwe za kazi na za baridi.

Shomari ni mtu wa hapahapa Bagamoyo. Baridi anayoijua ni ya soda. Amenifuata kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Ameniita mdogo wake. Anasema mimi mtu wa Makete, kwetu umande unaganda, basi nimwelekeze anunue nini.

Nimemjibu nitamwelekeza.

Jumanne, 6 Januari

Sijalala. Niandike, labda hasira itapungua.

Mwaka jana simu yangu iliingia maji. Dada akapiga kwa Shomari, akamwomba aniambie mama amefariki. Siku ile mawingu yalikuwa yamekusanyika na chumvi bado iko chini, mvua ingeiyeyusha. Shomari akakaa na habari ile siku tatu. Siku tatu tunakula sinia moja, ananiuliza kama mboga imekolea. Chumvi yote ilipoingia ghalani, ndipo akaniambia.

Chalinze nikapata basi la kwenda Makete. Nikafika kwetu udongo wa kaburi umeshakauka. Watu wameshatawanyika. Shangazi aliniuliza nilikuwa wapi.

Niliporudi nilimuuliza Shomari kwa nini. Alikuwa anahesabu viroba, hata hakugeuka. "Chumvi haisubiri, Sanga. Maiti anasubiri."

Mama hakusubiri.

Namchukia. Sina neno jingine.

Ijumaa, 9 Januari

Nimefikiri siku nzima nikiwa na reki mkononi.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba pamba ikilowa inakugeuka. Jinzi mbichi kwenye baridi ni sawa na kuvaa bati. Sufu ya kondoo, hata ikilowa, inashika joto la mwili. Buti liwe kubwa kidogo, soksi mbili ziingie na vidole vicheze. Likibana, damu haifiki.

Shomari hajui hata moja. Nitamwambia kinyume chake, jambo kwa jambo. Akasimame kwenye theluji na jinzi iliyolowa. Aniite. Na mimi nitakuwa na kazi isiyosubiri.

Jumapili, 11 Januari

Kerege, kwa Mama Zuhura wa mitumba. Hufungua bela jipya la nguo Jumapili tu, ukichelewa unakuta makombo.

Nimejichagulia sweta mbili. Kila moja nilichomoa uzi kwa ndani, nikauchoma kwa kiberiti. Nailoni inayeyuka na kuwa kishanga. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Mama alinifundisha hivyo mnadani, nikiwa sijafika hata kiunoni kwake. Mama Zuhura aliniuliza kama nimekuja kununua au kuteketeza duka. Watu wakacheka. Shomari alikuwa kule kwenye viatu, hakuona.

Yeye nimemchagulia jinzi tatu, nzito, nzuri za kutazama. Fulana sita za pamba. Koti la pamba lenye mifuko mingi. Buti nimemwambia zibane, ati baridi isipate pa kuingilia. Amezivaa, amekunja uso, amezinunua.

Njiani amenishukuru mara tatu. Nilitazama dirishani.

Jumatano, 14 Januari

Shomari amekuja bwawani na lile koti, saa saba mchana, ili tumwone. Jasho linamtiririka hadi kwenye ndevu. Wenzetu wamemwita mzungu wa chumvi. Amefurahi. Amewaambia kila kitu kachaguliwa na Sanga.

Nimelala vizuri leo baada ya kazi. Ni mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi, 17 Januari

Mama yake Shomari, Bi Mwanaidi, ameniita kula chakula. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Shikamoo yangu ameiitikia huku amenishika mkono, hakuuachia upesi.

Shomari alipotoka kwenda kuswali, Bi Mwanaidi aliniambia anajua habari ya mama yangu. Mwanawe alimweleza baadaye, naye akamnunia wiki nzima. Sikulijua hilo. Aliniuliza mama aliitwa nani. Nikamwambia, Tulalumba. Akalirudia jina mpaka likamkaa vizuri mdomoni.

Kisha akasema, "Mwanangu ana kosa kwako, sikatai. Lakini huko hana mwingine wa kumwambia kweli."

Nilikunywa maji.

Nimerudi kambini nina hasira na wote wawili. Nitamwambia Shomari. Lakini si leo, wala si kesho Mama Zuhura akifungua bela. Alikaa na habari yangu siku tatu. Na mimi nitakaa na yake siku tatu.

Jumapili, 18 Januari

Ya kwanza. Shomari amepita akaniuliza kama aongeze fulana. Nimemwambia zinatosha.

Jumatatu, 19 Januari

Ya pili. Nilidhani ningefurahia. Tumekula sinia moja. Mboga ilikuwa imekolea, sikuisikia. Nimejiuliza yeye alikuwa anasikia nini mdomoni mwake zile siku. Sitaki kujua.

Jumanne, 20 Januari

Nimemwambia. Ghalani, tukishona viroba. Nguo zote ni mbaya, buti ni mbaya zaidi, na nilijua tangu siku ya kwanza. Tangu Jumamosi niliamua kumwambia, nikanyamaza makusudi.

Nilingoja anipige. Alishika sindano ya viroba muda mrefu. Vidole vyake nilivihesabu, vyote vinne na gumba.

"Toka Jumamosi," akasema. "Siku tatu."

"Siku tatu."

Aliomba ruhusa, akaenda Kerege.

Alhamisi, 22 Januari

Asubuhi tumepima mabegi kwenye mizani ya chumvi.

Shomari alibadilisha buti, amepata zinazomtosha na soksi mbili. Sufu alikuta kitambaa cha shingo tu. Alichomoa uzi mbele yangu, akauchoma, akanusa.

"Nywele," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

Begi lake kilo kumi na nne. Langu ishirini na moja. Nikafungua, nikatoa sweta moja ya sufu, ile nzito. Nikaiweka juu ya begi lake, nikaenda kuosha mikono. Niliporudi begi lake lilikuwa limeshafungwa, sweta ikiwa ndani.

Sijamsamehe. Wakala amesema tutalala chumba kimoja, na mimi sitaki kusikia mtu akitetemeka hadi asubuhi.

Kidonda cha kisigino kimekauka. Chumvi ya leo watakwangua wengine.