Wimbo wa Shimo la Mchanga

Mwaitu, mama yangu,

Huku Matinyani mvua bado haijanyesha. Tunakula mahindi ya njano ya msaada, na mto umebaki mchanga mtupu kama ulivyouacha, ila maji yamezidi kwenda chini. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililifanya kwa jina lako, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mwalimu Syombua, anayetufundisha ngoma shuleni, alikataa tumwige. "Miondoko yangu ni yangu," alisema. "Kila mmoja alete mwendo wa kwao, na atuambie ni wa nani." Mutua alileta mwendo wa mjomba wake akisukuma punda mkaidi, tukacheka hadi machozi. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikachota chini, nikapitisha kibuyu juu ya kichwa, nikapangusa uso kwa kiwiko.

"Huyu anacheza ama anachimba viazi?" Mutua akauliza.

"Ni mama," nikasema. Darasa likanyamaza, maana wote walikuja kukuzika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichota maji mtoni? Wewe ndani ya shimo, sisi juu tukipokezana vibuyu. Wa juu walikuwa wakianza wimbo, nawe ukiitikia kutoka chini, ndipo tujue u mzima. Ulipotaka kunitania ulikuwa ukichelewa kidogo, kisha unapaza sauti: "Mwende, usinililie bado, nakunywa maji!" Asubuhi ile ukingo uliporomoka katikati ya wimbo. Tulianza tena, hukuitikia. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu.

Kutokana na hayo Mwalimu alitengeneza ngoma ya mashindano ya shule: wasichana kwenye duara wakiimba, mimi katikati kama niko shimoni. "Mwisho uamue wewe," aliniambia. "Wakuvute juu, ama wasikuvute."

Baba aliposikia alikataa kabisa. "Mama yako si kitu cha kupigiwa makofi." Tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina lako wala kukanyaga mtoni. Mwalimu akaja nyumbani. "Mzee, sikuja kubishana. Njoo umwone kwanza, halafu unilaumu." Baba aliendelea kutia mpini kwenye jembe. Hakukubali, lakini hakunizuia tena.

Siku ya mashindano nilimwona Baba amesimama mlangoni mwa ukumbi, kofia mkononi. Nilichota, nikapitisha, nikaitikia. Mwishoni wenzangu walianza wimbo, nikanyamaza. Wakaanza tena. Nikanyamaza. Sikukubali wanivute, Mwaitu, kwa kuwa wewe hatukukuwahi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwamuzi alisema hii si ngoma ya Wakamba: mruko uko wapi, filimbi ziko wapi, mavazi je? Tukatolewa. Mwalimu Syombua alinishika bega tu.

Wakati wa kurudi Baba alitangulia mpaka tukaukaribia mto. Ndipo akasema bila kugeuka, "Kwa kiwiko. Ngina alikuwa anapangusa uso kwa kiwiko. Nilikuwa nimeanza kusahau."

Alikutaja jina, Mwaitu.

Jumamosi nilipochukua vibuyu, yeye alichukua jembe akanifuata. Shimo sasa limenizidi kimo. Aliupunguza ukingo pande zote, akauegemezea magogo, akaukanyaga kwa mguu kuupima. Nikashuka. Juu kukawa kimya, na mchanga ukaanza kunidondokea shingoni, kidogo kidogo. Niliogopa sana. Kisha nikaisikia sauti yake, nzito, isiyoujua wimbo wa wanawake, ikianza mahali pasipofaa.

Niliitikia.

Maji yalikuwa machache na yenye matope. Sijui kama yatafika mwezi ujao, wala kama sisi tutafika. Lakini Baba alianza tena, nami nikaitikia tena, mpaka kibuyu cha mwisho kikajaa.

Pumzika, Mwaitu. Huku juu tunaimba bado.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Mwende