Fundi Pua na Kipima-gesi cha Dada wa Stoo

Ndugu yangu, uko hewani? Fundi Pua kalazwa, kapigwa na amonia, ile gesi ya kugandishia, pale kiwanda cha barafu.

Unamjua alivyo. Miaka kumi na miwili kila asubuhi ananusa mabomba kwanza kama yanavuja gesi, ndipo sisi tuingie. Nilipodai kipima-gesi, bosi alinijibu mbele ya watu: "Cha nini, na Pua tunaye?" Sijasahau, na sisahau.

Juzi kikaja, akapewa dada wa stoo. Basi wivu! Pua hali, halali. "Kidude kinifundishe mimi kunusa?"

Leo kikalia. Dada akapiga kelele, "Tokeni!" Macho yanatuwaka, tunakohoa, kila mtu mbio. Pua kabaki ndani, mikono kiunoni!

"Kinabweka kama mke mwenza! Mimi sisikii harufu yoyote. Rudini kazini!"

Hasikii harufu yoyote! Nakuapia alisema hivyo, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

Tukamburuta nje hoi. Daktari akamwekea pamba ya spiriti puani. Hola, hanusi kitu. "Mzee, gesi iliua pua yako zamani. Leo imeunguza na mapafu."

Unajua alisema nini? Aligeukia ukutani, akaninong'oneza: "Yule dada asijue."

Dada! Anapumua kwa mashine ya hewa, bado anamwonea wivu mwenye kidude!

Nami nimeshindwa kumcheka. Hiyo zamani aliyosema daktari ni tangu lini? Maana mwaka mzima huu nakohoa, najidanganya ni baridi ya barafu.