Nafasi Yako Kwenye Kamba ya Mama

Mtaa wa Orleans,
Memphis, Tennessee.
30 Aprili 2019.

Mpendwa Kaka Lucius,

Pokea salamu zangu kabla hujakunja uso. Hujambo huko Alaska? Kifua kinakwendaje na baridi hiyo, na jino la shemeji Corinne limetulia? Mimi mzima, ila kiganja kimechubuka na kalamu naishika kwa vidole viwili. Simu yako imeita mpaka imechoka, ndiyo maana naandika. Habari za Mama nitazifikia. Soma yote, usirukie mwisho kama ilivyo tabia yako.

Ile bustani ya umma iliyosemwa tangu ukiwa hapa sasa imeanza kweli. Gati la zamani la mawe linafunikwa nyasi, viti na njia ya baiskeli, na ukingoni vitawekwa vyuma ili watu wasishuke majini. Siipingi bustani. Watoto wetu wamecheza kwenye maghala mabovu vya kutosha. Lakini hakuna aliyeuliza sisi wa kanisa la Mlima Nebo tunabatizia wapi, na uzio ulikuwa ufungwe jana.

Unamjua Mama. Miaka yote amefua kanzu za wabatizwa, akazipiga pasi, akawafunga wenzake vilemba, na mwenyewe hajalowesha hata kisigino kwa kuogopa mto. Aliposikia habari za uzio akasema, "Basi, zamu yangu imefika."

Mchungaji Hosley alimsihi abatizwe kanisani, kwenye kisima cha maji ya vuguvugu. "Mchungaji, mimi si sahani. Sisuuzwi kwenye karo," Mama akamjibu. Nawe ukapiga simu ukasema mto umejaa, Mama ana miaka themanini na moja, na tukimwingiza majini tusikuhesabu tena kuwa mwana wa nyumba hii. Kuogopa ulikuwa na haki. Maneno yale ya mwisho hukuwa na haki nayo, kaka.

Jumapili tukashuka mtoni. Maji yalikuwa yamepanda, yanapita na magogo. Utaratibu unaukumbuka: kamba hufungwa kwenye ile pete ya chuma waliyofungia meli za zamani, ndugu wakaishika mmoja baada ya mwingine hadi majini, na mtoto wa kwanza wa anayebatizwa akasimama mwisho kabisa, karibu naye. Tulipofika, pete hakuna! Wameing'oa. Iko juu langoni, imepakwa rangi, imewekwa juu ya jiwe pamoja na kibao cha kuisifia.

"Wameipenda mpaka wameiua," akasema Dada Eulalia, naye hakuwa anacheka.

Mchungaji akafunga Biblia, akasema turudi nyumbani, Mungu anaelewa. Mama akavua viatu.

Palikuwa na tingatinga kando ya maji. Dereva wake, Bwana Truett, alikuja siku yake ya mapumziko kuhakikisha mto haujaifikia mashine. Alitutazama weee, kisha akauliza, "Bibi, mnatafuta nini?"

"Kitu kisichosogea, mwanangu."

"Basi hiki hapa. Hata mimi mwenyewe hunigomea."

Akalishusha bamba la mbele hadi chini, akaifunga kamba kwa mikono yake.

Tukajipanga. Mimi nilisimama wa pili, na mbele yangu nafasi yako ikabaki wazi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiingia. Mchungaji alipomzamisha Mama, gogo likawapiga ubavuni. Wakayumba. Kanzu ikajaa maji, Mama akanipotea machoni. Nilinyoosha mkono mpaka bega likalia, na kamba ikanichuna kiganja cha pili. Sikumfikia. Kati yangu na Mama palipungua mtu mmoja tu. Wakati ule nilikuchukia, Lucius, nakwambia wazi.

Ndipo mtu akanipita na mabuti yake, akaikamata kamba mahali pako na kumdaka Mama mabegani. Alikuwa Truett. Mama akaibuka akikohoa, kilemba kimekwenda na maji, akaanza kuimba kabla hajapata pumzi.

Tulimketisha juu ya mawe, tukamfunika mablanketi. Macho yake yalikuwa yamejaa mchanga na miwani anayo Eulalia. Akaupapasa uso wa yule aliyemshika.

"Lucius. Umekuja."

Truett alinitazama.

"Nimekuja, Mama," akasema. "Nimekuja."

Mchana alikula nasi. Mama alikuwa amevaa miwani, akamwona vizuri kabisa. Aliichukua sahani aliyokuwekea wewe, kambare na mkate wa mahindi, kama anavyokuwekea kila siku tangu uondoke, akamsogezea yeye.

Uzio umefungwa. Mchungaji ameomba ziachwe ngazi za kushukia majini, na hajajibiwa.

Wasalimie Corinne na mapacha. Eulalia anakusalimu, na Mjomba Purvis pia. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akulainishe shingo. Mama sikuandikii salamu zake kwa sababu hakunipa. Tangu Jumapili hajakutaja, na jana jioni aliandaa meza bila sahani yako. Panda ndege, kaka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Verlene