Mikaratusi kwa Mara ya Nne

Kawangware, Nairobi
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Hope,

Natumaini u mzima huko Doha, na kwamba kazi ya hospitali haikuchoshi kupita kiasi. Unakula vizuri? Sisi hatujambo, ila nyonga yangu hainiruhusu tena kusafiri hadi nyumbani Kakamega.

Vyumba vyetu vya Lindi, hapa hapa Nairobi, vimepata wapangaji. Ndugu yako Marvin alibadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa, na nguzo mpya akazikata katika shamba la marehemu baba yako kule Kakamega. Hiyo ni mara ya tatu mikaratusi kuvunwa pale, na hakujapandwa mti wa aina nyingine tangu mwanzo.

Mama yako alipanda mahindi na maharagwe katikati ya visiki. Yaliota ya manjano, yakakoma kimo cha goti. Bwana shamba alikuja akachimba. Chini ya yale majani makavu yasiyooza hakuona nyungunyungu hata mmoja, na maji aliyoyamwaga yaliteleza juu bila kuzama. Alishauri visiki ving'olewe, ardhi ipumzishwe kwa kunde, kisha ipandwe miti mchanganyiko.

Unaijua desturi yetu: mjane hang'oi mti uliopandwa na mumewe. Kazi hiyo ni ya mwanawe wa kiume. Kwa hiyo nilimwita Marvin hapa kwangu nikamweleza yote. Alicheka.

"Baba Mkubwa, wewe ulikuwa ticha wa Kiswahili, si wa udongo. Mchanga ni mchanga tu, buda. Na Hope ameshatuma pesa za miche ya mikaratusi."

Nilimwambia mimi si buda wake, mzee wa kijiweni. Kwa hilo aliomba radhi. Kwa shamba, hapana.

Najua ulituma kwa nia njema. Nilianza barua hii ili nikuombe umzuie. Kabla sijaimaliza, mama yako amepiga simu. Miche ilipandwa jana, hadi kwenye bustani yake ya mboga nyuma ya jiko. Ameniuliza mrenda wake aupande wapi sasa. Mpigie wewe, mwanangu, hata kama nawe huna jibu.

Mama Mkubwa Mumbua anakusalimu sana, pamoja na nduguzo Daisy na Billy. Mungu akufunike kwa mkono wake katika nchi hiyo ya ugeni.

Wako akupendaye daima,
Baba Mkubwa,
Nashon Mukhwana